Mama Aliyeachwa Ukurasa wa Tano

Usiku wa jana niliota nimekaa mezani kwangu naandika, jambo la kuudhi sana, maana hiyo ndiyo kazi ninayoifanya mchana kutwa, na mimi nilidhani usingizi ni likizo.

Mbele yangu pana barua ya mhariri. Barua hiyo ni ya kweli, ilinifikia juzi. Ninaandika hadithi za zamani kwa ajili ya watoto, na safari hii nimeandika juu ya Kalunde, mtoto wa miaka tisa anayetembea na msafara wa wapagazi wa pembe za ndovu, kutoka Unyamwezi kwenda pwani. Njiani mama yake, Nyamizi, anashikwa na homa. Msafara haumngoji mgonjwa. Anaachwa kando ya njia na kibuyu cha maji, na hapo anakufa. Mhariri ameniandikia: "Bibi, watoto wasihuzunishwe. Tuseme tu, kwenye ukurasa wa tano, mama ameenda kumtembelea shangazi."

Juzi nilipoisoma nilitafuna chai.

Basi ndotoni barua inakohoa.

"Na kitabu kisizidi kurasa thelathini na mbili," inasema.

"Najua."

"Na kila kitu kiwe cha wakati wake."

"Najua, nyamaza!"

"Usinifokee, Bibi. Mimi ni karatasi tu."

Nainuka nikaifungie kabatini. Nafungua kabati, ndani ni pori. Vumbi jekundu, jua la saa nne, njia nyembamba imekanyagwa ikang'aa. Naingia, maana nimeshafungua.

Kandambili zangu zinakataa. "Sisi ni plastiki," zinasema. "Huko hatujazaliwa." Meno yangu ya bandia nayo yanatoka yenyewe, kwa adabu, yanajikalia juu ya kandambili. Naendelea pekupeku na kibogoyo. Hasira peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kupita, nadhani kwa sababu ni ya siku nyingi.

Msafara huo unakuja. Ni wapagazi thelathini na wawili, na kila mmoja amebeba ukurasa mmoja wa kitabu changu, umekunjwa na kufungwa kamba kama mkeka. Mbele anatangulia kirangozi, kiongozi wao, manyoya kichwani na njuga miguuni. Thelathini wamejitwika kichwani. Wawili wa mwisho wamechukua machela begani, na ndani ya machela yamelala Maswali ya Zoezi, yale ambayo mhariri hubandika mwisho wa kila kitabu. Yako kumi. Yamenona. Yanajipepea.

"Taja mambo matatu uliyojifunza," linaniambia la kwanza.

"Nimejifunza moja," nasema, "na halisemeki mbele za watu."

Kando ya njia pana jiwe limeandikwa 5. Juu yake amekaa mwanamke aliyejifunga kaniki, anatetemeka kwa homa. Mtoto amesimama naye, chungu kichwani.

"Shikamoo, Bibi," anasema mtoto. Ni Kalunde. Ana jino lililovunjika ambalo sikumwandikia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmesimama?"

"Mama kaambiwa mwisho wake ni hapa."

"Kaambiwa na nani?"

"Huyo."

Huyo ni Bwana Rwegoshora, mhariri wangu, amekaa katikati ya njia kwenye kiti chake cha ofisini. Kiti kinafifia chini yake. Saa ya mkononi imeshatoweka. Sasa zipu ya suruali nayo inakumbuka kwamba haijabuniwa, inaondoka. Anafunika kwa faili.

"Bibi, karibu," anasema. "Tunapunguza mzigo kidogo."

"Mzigo gani? Huyu ni mtu!"

"Ni kurasa mbili."

Nyamizi anainua uso. "Mahali pangu ni jiwe la ishirini na moja," ananiambia. "Hapo ndipo niliposhindwa kwenda. Huyu anataka niishie hapa, la tano, eti nimekwenda kwa shangazi. Shangazi gani? Mimi shangazi yangu alikufa kabla sijaota meno."

"Tunataka upone, mama," anasema Rwegoshora kwa upole wa ofisini.

"Nani kakuomba? Nimeshakufa zamani, hilo halitengenezeki. Mara ya kwanza niliachwa na msafara. Leo naachwa na kitabu. Nipelekeni nikafie mahali pangu, watoto wanione."

Hapo nikapandwa na hasira mpaka nyayo zangu zikaunguza vumbi.

"Wewe!" nikamwambia. "Mtoto aliyezika kifaranga chake anajua kufa ni nini. Asichojua ni kwa nini watu wazima wanamdanganya! Umewahi kumwona mtoto ambaye mama yake amefichwa kwa shangazi? Anakaa mlangoni kila siku anasubiri! Huyu mwenye chungu unataka akae mlangoni mpaka lini?"

"Bibi, kurasa ni thelathini na mbili," anasema. "Si mimi. Ni utaratibu."

Namgeukia kirangozi. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Thelathini na mbili. Zaidi ya hapo migongo inavunjika."

"Na hao wanaojipepea wanahesabiwa?"

Kirangozi anatazama machela. Anatazama muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo alikuwa nalo mwenyewe. "Wanahesabiwa. Kurasa mbili."

Nikashika pindo la machela nikakung'uta. Maswali kumi yakamwagika njiani yakipiga kelele. "Eleza kwa nini!" linalia moja. "Kweli au si kweli!" linalia jingine. Yakabingirika mpaka kwenye mto mkavu, huko yanajibizana yenyewe hadi sasa.

Wapagazi wawili wa machela wakasema, "Sisi tuliajiriwa na Maswali," wakayafuata.

Tukamlaza Nyamizi. Machela iko chini, mti wake wa kubebea uko chini, na hakuna wa kuubeba.

"Rwegoshora, beba mbele," nasema.

"Bibi, mimi ni mhariri!"

"Huku hakuna mhariri. Kuna mwenye bega na asiye na bega. Wewe lako naliona."

Akatazama kiti, kikawa kimekwisha kabisa, amechuchumaa hewani. Akaweka bega la kulia chini ya mti. Nyuma akashika kirangozi mwenyewe. "Njia hii naifahamu," alisema, "na sijawahi kupita kwa shangazi wa mtu." Njuga zake akanivalisha mimi, nikatangulia.

Tunakwenda. Jiwe la sita, la saba. Kalunde anatembea ubavuni mwa machela, ameshika kidole cha mama yake. Rwegoshora anahema.

"Bibi, ni mzito."

"Ndiyo."

"Kwenye kitabu alikuwa mwepesi."

"Ulisoma umekaa."

La kumi. La kumi na moja, mto, maji ya kiunoni. Nyamizi haongei sasa. Jiwe la kumi na tatu Rwegoshora anaanza kulia, na mimi nageuka nimwambie kitu kibaya zaidi nilichokiandaa tangu juzi. Nikaamka.

Nilikuwa kitandani kwangu, asubuhi, meno kwenye glasi. Simu inalia. Ni yeye.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona sauti imekwisha?"

"Sijui nimelalaje. Bega la kulia limechubuka, hata shati siwezi kuvaa. Bibi, ile habari ya shangazi... nadhani tuiache. Mama abaki palepale ulipomweka."

"Ukurasa wa ishirini na moja?"

"Ishirini na moja. Tutaondoa maswali."

"Ahsante. Na hilo la kushoto vipi?"

"La kushoto zima tu, Bibi."

"Basi hamishia kwenye hilo, mwanangu. Tumefika kumi na tatu tu."