Pasipoti Puani mwa Roslini

Jumanne saa tatu asubuhi, Bibi Leipakoa alimleta mjukuu wake Roslini kwenye zahanati ya kisiwa cha Tongoa. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, na tundu la kulia la pua yake lilikuwa limeziba. Nesi Wini alimulika kwa tochi, akaona kitu cha buluu.

"Mama yake angempuliza mdomoni kingetoka," alisema. "Lakini Elsina yuko Australia anachuma matunda. Mpulize wewe, Bibi."

Bibi aliziba tundu la kushoto kwa kidole, akapuliza. Ikaruka beri ya buluu, baridi, ina umande. Tongoa tunda hilo halioti. Wini aliandika daftarini: beri, moja.

Alhamisi kilitoka kidole cha glavu, kimetoboka. Ijumaa Wini alinasa kwa koleo kona ya kitu kigumu, akavuta taratibu kwa robo saa nzima.

"Tulia, we mtundu!" Bibi alimkemea mtoto aliyekuwa akifurukuta mapajani mwake.

Ilitoka pasipoti. Wini aliipangusa kamasi, akaifungua. Picha ilikuwa ya Elsina.

"Sasa atarudi na nini?" Bibi aliuliza.

Wini alitoka nje penye mtandao, akampigia Elsina kumuuliza pasipoti yake iko wapi.

"Bosi alizifungia zetu zote kabatini," Elsina alinong'ona. "Mgongo umeniisha, nimeomba kurudi nyumbani, anasema mpaka msimu uishe."

"Yako tunayo. Imetoka puani mwa Roslini."

"Hajambo lakini?"

"Hajambo. Mafua kidogo tu. Tukutumie?"

"Msiitume," Elsina alisema. Barua zao zote zilipitia kwa bosi.

Wini alipiga simu mjini, ofisi inayosimamia vibarua wanaokwenda Australia. Ofisa akamjibu kwamba kitu kilichotoka puani ni suala la afya, zahanati ishughulikie.

Jumatatu zilitoka pasipoti nyingine mbili, za wanawake wa kisiwa jirani. Wini alizitia kwenye droo ya bandeji. Bibi alikuwa hakaliki, anazunguka chumba kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Kama hivi vinapita, si Elsina apite na yeye mwenyewe?"

Wini alimulika tena. Mbali kabisa, ndani ya pua, aliona mistari ya vichaka na wanawake walioinama. Mmoja alijinyoosha, mkono kiunoni, akageukia mwanga. Sauti ya mwanamume ikafoka. Wini alizima tochi upesi, asije akamponza.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Anafanya nini?"

"Anachuma, Bibi."