Vibati vya Sampu

"Gari hii sasa, mzee, kata kona vile unataka, oili haihami," alisema Jale, akipangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

Mzee Kasimiro alikuwa amelalamika kwamba pikapu yake ya Pijo ikikata kona kwa kasi, taa nyekundu ya oili inawaka. Jale, fundi aliyemaliza sekondari na hakuuacha mtaa mzima wa Awindiri usahau, alimfafanulia. Kwenye kona oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, lile beseni la chini ya injini. Bomba la kunyonyea hubaki likinyonya hewa, na injini ikikosa oili hukwama. Dawa ni kuchomelea vibati kuzunguka bomba ili oili isipate pa kukimbilia.

Maelezo yalikuwa safi. Kazi ndiyo haikufanyika. Siku hiyo umeme haukuja, mashine ya kuchomelea ikalala, na kesho yake asubuhi magari yalikuwa yanaondoka kwenda Koboko kwa msafara, askari mbele, askari nyuma. Jale akafunga sampu bila vibati. Akakaza nati, akakaza na uongo.

Ila alisahau desturi ya gereji za pale: fundi akifungua tumbo la injini, safari ya kwanza lazima apande.

"Ingia," Kasimiro alimwambia asubuhi. "Kaa katikati."

Dirishani alikuwa ameketi Rosa Kiden, muuza chai wa mbele ya gereji, anayekwenda kumwona dada yake Koboko. Jale akabanwa hapo kama barua ndani ya bahasha.

Amri ya msafara ilikuwa moja: haungoji mtu. Gari likifa, linaachwa. Wiki iliyopita lori liliachwa njiani. Watu wa msituni wakalifikia kwanza, na dereva wake hajaonekana hadi leo. Nyasi za kando zilikuwa ndefu kuliko kabini.

Kona ya kwanza, taa ikakonyeza. Jale akavua kofia, akaiegemeza mbele ya taa.

"Kofia inafanya nini hapo?" Kasimiro akauliza.

"Inapumzika, mzee."

Kona ya pili Jale alichungulia chini ya kofia: taa ilibaki nyekundu mpaka akahesabu tatu. "Mzee, kwa kona punguza kidogo. Injini bado iko mgeni."

"Jana ulisema nikate vile nataka. Nikipunguza, askari wa nyuma watatupita, tubaki na nyasi."

Rosa Kiden alimtazama Jale, kisha akatazama barabara.

Ikaja kona ndefu ya kuteremka. Taa ikawaka na haikuzima. Chini ya miguu yao kitu kikaanza kugonga, polepole, kama mtu mwenye adabu mlangoni. Jale alisoma kimoyomoyo sala zote alizokaririshwa shuleni, akarudia zile fupi. Kugonga kukakoma barabara iliponyooka, lakini mbele aliona kona nyingine, na nyingine baada yake.

Kwenye daraja msafara ukasimama. Askari walikuwa wanakagua chini yake. Jale alimruka Rosa Kiden, akachomoa galoni ya oili nyuma ya kiti, akafungua boneti na kumimina lita nzima kupita kipimo. Oili ikijaa zaidi, alijua, hata ikihama itabaki ya kufunika bomba. Kwa haraka, nyingine ikamwagikia viatu.

"Ilikuwa na kiu tu," alimwambia Kasimiro.

Kona zilizobaki taa ilikonyeza mara mbili tu. Jale hakupumua vizuri mpaka alipoona mabati ya Koboko.

Sokoni Kasimiro aliwaita wafanyabiashara wenzake. "Mnaona huyu kijana? Vibati vyake vimetuvusha."

"Kazi ya kusoma, mzee," Jale akasema. Sauti ilikuwa imemrudia.

Rosa Kiden aliweka kifurushi chake chini. "Vibati gani, mwanangu? Si jana jioni ulivitupa kwa jiko yangu? Kimoja kinafunika sufuria ya chai sasa hivi."

Kasimiro akageuka. "Mama, mbona njiani ulinyamaza?"

"Ningesema, ungesimama kumpiga, na msafara ungetuacha. Sasa tumefika. Yeye huyo."