Tini Watatu Waliokata Rufaa

Usiku wa jana Nyemo, msusi wa mtaa wa Chang'ombe, Dodoma, aliota mtini wake umekuja kupiga hodi.

Mtini wenyewe ni mdogo, haujamfika kiunoni, na unaishi kwenye chungu kibarazani. Ulianza kama kijiti alichokikata Nyemo kwenye mti wa marehemu mama yake, wiki ileile mti ule ulipong'olewa kupisha barabara. Mwaka huu, kabla hata majani hayajakolea, ukazaa tini tatu za mapema. Nyemo aliona kama amepewa dunia. Lakini wifi yake Mbeleje, mtu wa mashamba asiyependa maneno mengi, alizitazama akasema, "Zikatwe. Mti mchanga haubebi. Ukiulazimisha utakufa."

Na huo ukifa, hakuna mwingine. Nyemo akaenda kulala ameacha kisu kidogo mezani, hajui afanye lipi.

"Hodi!"

Anafungua mlango. Nje ni mchana, jua limewaka. Tini watatu wamesimama kwenye kizingiti, wa kijani, kila mmoja na begi lake. Mtini uko nyuma yao, umejitwisha chungu kichwani, unahema.

"Karibuni ndani," anasema Nyemo, maana mgeni ni mgeni.

"Hatukai, dada," anajibu yule mkubwa. "Tumesikia tunakatwa, tukaona heri tukate wenyewe. Mdogo wetu huyu amekata tamaa. Huyu wa katikati amekata tiketi. Mimi nimekata rufaa."

"Rufaa inasikilizwa lini?"

"Imeshaanza. Wewe ndiye umechelewa."

Nyemo anavuka kizingiti mbiombio, na kibaraza hakipo. Yumo ndani ya chungu. Kuta ni za udongo mwekundu, na mizizi imejaa mahakamani imepakatana kama watu wa msibani waliokosa viti. Juu ya jiwe ameketi hakimu, kopo la kumwagilia maji. Kwa kuwa mdomo wake una matundu mengi, kila neno linatoka limegawanyika matone, na inabidi watu wote wasubiri lijikusanye.

"Upande wa mashtaka," anasema hakimu.

Kisu kidogo kinasimama kwa ncha. "Mheshimiwa, mti mchanga haubebi. Hiyo ni kanuni. Binafsi sina chuki na mtu, na kazi niliyoizoea mimi ni ya kitunguu."

"Upande wa mizizi?"

Mzizi mmoja mnene unajivuta katikati ya wenzake. "Mheshimiwa, kubeba tungebeba. Tatizo letu hatuna pa kuweka mguu. Tumezunguka humu ndani mpaka juzi nilikutana na ncha yangu mwenyewe, nikaiamkia nikidhani ni mgeni."

"Ikakuitikia?"

"Ikaniitikia vizuri sana, mheshimiwa. Hilo ndilo linaloniuma."

Mahakama nzima inaguna. Hakimu anainama, anatiririsha hukumu: aliyekata tamaa aruhusiwe kupumzika, mwenye tiketi asafiri salama, mwenye rufaa abaki mtini, kwa sharti kwamba nyumba ya mizizi iongezwe upana wa vidole viwili kila upande, kabla jua halijapinda.

"Likipinda?" anauliza Nyemo.

"Likipinda," anasema hakimu, "mti utaondoka kama ulivyoondoka ule wa mama yako."

Nyemo haulizi tena. Anaubeba mtini mgongoni kwa kanga, anakimbia, na kila anapokanyaga, ardhi inakuwa soko. Sokoni vyungu vimepanga foleni vinachagua watu. Chungu kimoja kinene kinamzunguka Nyemo, kinamgongagonga kisogoni kusikiliza mlio.

"Una matundu chini?"

"Sina."

"Sasa maji yakizidi unafanyaje?"

"Nalia."

"Inatosha," kinasema chungu. "Nimekuchukua. Shida yako?"

"Nataka kilichozidi hiki changu kwa vidole viwili."

"Upana ninao. Vidole ndivyo sina. Niazime."

Nyemo anautazama mkono wake wa kulia. Kidole gumba na cha shahada, hivyo ndivyo vinavyoshika nywele, ndivyo vinavyomlisha. Msusi asiye navyo atawaambia nini wateja? Anatupa jicho juu. Jua limeanza kuinama, kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Mgongoni mtini unampumulia shingoni, na pumzi yake ina harufu ya uani kwa mama, asubuhi, baada ya kufagia.

"Chukua," anasema. "Nitajifunza kusukia kushoto."

Anavifungua vidole viwili kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa. Haviumi. Chungu kinavivaa, kinavikunja na kuvikunjua, kinafurahi, kisha kinaushika mtini shina, kinaugongagonga na kuuchomoa na mizizi yake yote. Kinachambua mizizi mmojammoja, taratibu, kama nywele za mtoto anayesinzia, kinaishusha ndani yake, kinaishindilia udongo mpya.

Kisha chini kabisa mzizi mnene unanyoosha mguu.

"Aaaah!" unasema, na soko zima linatetemeka.

Mtini unaruka! Jani linafunguka paa, jingine paa, mapana kama viganja. Vyungu vinagongana kwa furaha, viwili vinapata nyufa na havijali. Nyemo anacheka, anaruka, anakumbatia watu asiowajua. Chungu kinamrejeshea vidole vyake, vina joto na udongo unaowasha.

Yule tini wa rufaa anavimba mpaka anakuwa mkubwa kama nyumba. Chini yake kuna kijitundu, na kijitundu kinageuka mlango.

"Dada, ingia," anasema. "Umeutunza mti huu miaka yote, ua lake hujaliona hata siku moja."

"Mtini hauna maua."

"Unayo. Tunachanua ndani."

Nyemo anainamisha kichwa, anaingia. Ndani kumechanua. Maua membamba kama nyuzi, ya rangi ya waridi, maelfu kwa maelfu, yamejipanga ukutani hadi darini, yamepambwa, yanangoja. Ni harusi. Lakini hakuna sauti.

"Mbona kimya hivi?" ananong'ona.

Ua moja zee linamsogelea. "Kila mwaka tunachanua, mwanangu, na kila mwaka ni kimya hivi hivi. Hatuna ndimi. Hajawahi kuingia mtu akatupigia kigelegele."

Mama yake Nyemo alikuwa hodari wa vigelegele. Hata watu wa harusi ya mtaa wa tatu wangejua yuko wapi. Yeye mwenyewe hajapiga hata kimoja tangu amzike. Akavuta pumzi, akafumba macho, akaachia.

Maua yote yakainuka! Akapiga cha bibi harusi, akapiga cha bwana harusi, akapiga cha mizizi, cha kisu, cha tini waliotangulia. Akapiga cha mama, kirefu, kirefu, huku machozi yanamtoka na miguu inacheza, mpaka koo likakauka, akaamka.

Kumekucha. Mumewe, Malogo, yuko kibarazani anazungumza na Mama Chiduo, jirani wa pili, aliyening'inia kwenye ukuta.

"Hongereni jamani! Nani kajifungua hapo kwenu?"

"Kwetu? Hakuna," anasema Malogo.

"Usinifiche, baba. Vigelegele nimevisikia kwa masikio yangu, nikatoka mpaka nje. Vilikuwa hapo hapo kibarazani, vidogo vidogo, kama vya mtu aliyefungiwa ndani ya kitu."

Nyemo akatoka, akapita katikati yao. Akazikata tini mbili ndogo kwa kile kisu kidogo. Ile kubwa akaiacha, akaipangusa vumbi kwa pindo la kanga. Kisha akamgeukia mumewe amwambie waende sokoni wakanunue chungu kipana zaidi.

Mdomo ulifunguka. Sauti haikutoka; koo lilikuwa limekauka kwa vigelegele.