Sindano Nane

Mwaka wa tatu sasa, fundi cherehani alikuwa akienda kusafishwa damu kwa mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila safari. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekwisha kazi. Aliyejitolea kumpa figo moja alikuwa mdogo wake, dereva wa lori, pande la mtu asiyejua kuumwa hata kichwa. Vipimo vilipatana vizuri. Kisha maabara ikaona kwamba dereva ana virusi vya homa ya ini, aina ya B, vimejilalia mwilini mwake bila yeye kuwa na habari.

Daktari hakuzunguka. "Figo yake tunaweza kuichukua," alimwambia dada mtu, "ila wewe kwanza uwe na kinga. La sivyo tutakutibu figo tukuharibie ini."

"Kinga naipataje?"

"Chanjo. Wagonjwa wa mashine tunawapa dozi maradufu, sindano nne kwa miezi sita, halafu tunapima kiwango cha kinga kwenye damu. Chini ya kumi, ni kama hujachanjwa. Kwa upasuaji huu mimi nataka mia."

Akachomwa zote nne, hakukosa hata tarehe moja. Majibu yalipotoka, nesi aliyasoma mara mbili kabla ya kusema.

"Nne."

"Mia nne?"

"Nne tu, mama."

Nesi akamweleza kwamba mwili wa mtu wa mashine huwa umechoka. Unaonyeshwa adui na bado hauamki kumpiga. Fundi akacheka kidogo. "Hata mwili wangu umenigomea."

Walianza upya. Dereva alipiga simu kila siku ya sindano, popote alipokuwa njiani. "Dada, umechomwa?" "Nimechomwa." "Mkono unauma?" "Unauma." "Basi inafanya kazi hiyo." Alikuwa ameacha pombe na sigara ili figo ile imfikie dada yake ikiwa safi.

Baada ya sindano ya nane, majibu yalikuwa kumi na moja. Dereva alisema wameshavuka kumi, iliyobaki ni kupanda tu. Fundi mwenyewe alithubutu kukata kitambaa cha gauni lake, la kuvaa siku atakayotoka hospitali na figo mpya. Walipopima tena baada ya miezi miwili, ilikuwa tatu.

Safari hii daktari aliwaita wote wawili. Alisema kinga imeshuka na haoni sababu ya kuamini kwamba raundi nyingine itashika. Mtu mwingine wa kutoa figo katika ukoo hakuwapo. Wazazi walishafariki, na wao walizaliwa wawili tu.

"Nikinywa dawa virusi vikaisha?" dereva aliuliza.

"Dawa inavituliza. Haivimalizi."

Dereva alitazama mikono yake. "Ninayo hapa, dada. Nzima kabisa. Nashindwa kukupa."

"Najua, mdogo wangu. Hujaninyima."

Ilikuwa Ijumaa, zamu yake ya mashine. Fundi alipanda kitini akanyoosha mkono, nesi akachoma sindano mbili kubwa, damu ikaanza kuzunguka mirijani. Wageni hawakuruhusiwa chumbani, lakini siku hiyo hakuna aliyemtoa dereva. Alikaa kwenye kigoda kando ya kiti saa zote nne.