Aliyelala Chini ya Lango la Maji

Asubuhi hiyo fundi alikuwa anakoroga rezini kwenye kikombe cha plastiki, polepole, kama mtu anayempoozea mtoto uji. Rezini ni utomvu wa kiwandani. Ukiuchanganya na dawa yake unabaki majimaji kwa muda, halafu unaganda, mgumu na mwangavu kama kioo. Ukikoroga kwa pupa unaingiza viputo, na ziwa lenye viputo huonekana kama soda. Pale karakana walimwita Mama Mawimbi, ingawa hakuwa na mtoto, kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa kutengeneza maji ya bandia.

Mezani palikuwa na kielelezo cha ziwa la kuchimbwa, limezungukwa na nyumba za kifahari, kila nyumba ukubwa wa kiberiti. Ziwa lenyewe lilikuwa nje kidogo ya mji, limeshajazwa maji. Mdogo wake Mama Mawimbi, kitinda mimba wa kwao, alikuwa mmoja wa waliojenga lango la kufungulia maji, kule kwenye kina kirefu. Tangu maji yalipoingizwa hakurudi nyumbani. Kampuni iliyochimba ziwa ilisema ameacha kazi.

"Vijana hawa," msimamizi alimwambia mama yao kwenye geti la kampuni, "leo wapo, kesho hawapo."

Mama yao aliendelea kwenda getini kila siku, mpaka walinzi wakamzoea na kumtengea kiti.

Mama Mawimbi aliweka pimamaji juu ya meza, akaona imekaa sawa. Akaziba kingo za kielelezo kwa utepe, akamimina tabaka la kwanza, akafunika kwa boksi ili vumbi lisiingie. Kesho yake alipofunua, chini ya lango la maji palikuwa na mtu amelala.

Si yeye aliyemweka. Watu wake wa plastiki walikuwa wamesimama ufukweni, na wote walikuwa na sura moja kwa sababu walitoka pakiti moja. Huyu alikuwa mdogo kama punje ya mchele, na sura ilikuwa yake mwenyewe. Mama Mawimbi alichukua kioo cha kukuzia. Mtu yule alilala ubavu, kakunja magoti, vile alivyokuwa akilala enzi wakigombea shuka moja. Mguu wa kushoto ulikuwa umenasa kwenye nondo za lango.

"Kuna mtu humu," alimwambia mwenzake wa meza ya pili, mzee waliyemwita Msumeno, ambaye kazi yake ilikuwa kukata mapaa.

Msumeno akavaa miwani, akainama. "Ni mdogo wako," akasema. "Amekonda."

"Naona."

"Pole sana, mama." Akaenda kumletea chai.

Mama Mawimbi aliking'oa kipande chote cha rezini, akasafisha, akamimina upya. Kabla rezini haijakauka mdogo wake alikuwa amesharudi, safari hii kageuza uso juu, na kinywani mwake viputo vilikuwa vinapanda kimoja kimoja. Mama Mawimbi alipitisha moto mdogo juu ya rezini, kama afanyavyo siku zote ili viputo vipasuke. Hivi havikupasuka. Rezini ilikauka, navyo viliendelea kupanda. Hapo ndipo alipotuma mtu akamwite mama.

Mama yao alikuja na sweta mkononi. Alikitazama kielelezo kwa muda mrefu.

"Anapumua?"

"Ni viputo, mama. Rezini huwa na viputo."

"Ya kwako haina. Mji mzima unajua."

Wakakibeba kielelezo mpaka ofisi za kampuni, Mama Mawimbi mbele, Msumeno nyuma, na mama akitangulia kuwaomba watu njia. Meneja wa mradi aliwapokea vizuri. Alimpa mama kiti na glasi ya maji, akamwita injinia. Injinia akainama akatazama, akasema ni kweli, pale pana nondo, na mguu unaweza kunasa.

"Asante, injinia," alisema meneja, na injinia akatoka.

"Basi fungueni lango, baba," mama alisema. "Maji yashuke, tumtoe."

"Mama, ziwa lile limekula mvua za msimu mzima. Wanunuzi wanakuja Jumamosi. Nikiwaonyesha shimo, nyumba nitamwuzia nani?"

"Anapumua. Hebu tazama."

Meneja alitazama kwa heshima, mpaka kiputo kimoja kilipofika juu. "Naona, mama. Lakini kwetu sisi huyu aliacha kazi. Siwezi kumtoa ziwani mtu ambaye hayumo." Akamgeukia Mama Mawimbi. "Kazi yako nzuri sana, dada. Ila hapo juu yake wekeni boti."

Kituoni, polisi waliazima kioo cha kukuzia, wakakipokezana, wakakubaliana kwamba ndiye. Wakaeleza kwamba lalamiko la ziwani huletwa na mwenye ziwa. Kutoka hapo Mama Mawimbi alikwenda ziwani moja kwa moja, akaingia majini na nguo zake. Hakujua kuogelea. Maji yote aliyoyazoea yalikuwa ya kuganda. Walinzi walimvuta nje kwa nguo, wakamwomba asirudie, kwa kuwa na wao wana familia.

Aliporudi karakana, nguo zinachuruzika, mama yake alikuwa amekaa palepale mbele ya kielelezo.

"Mtoe wewe," mama alisema.

"Nikitoboa kwa keekee nitamwumiza, mama."

"Ulimbeba mgongoni mpaka akajua kukimbia. Utashindwa kumtoa kwenye kitu kama sinia?"

Alichagua ncha nyembamba kuliko zote, akatoboa kutokea ubavuni, taratibu, akipuliza vumbi jeupe kila mara ili aone anakokwenda. Alipofika alikuta uwazi wenye umbo la mdogo wake, magoti na mabega yake yote, na ndani ya uwazi tone la maji. Yalikuwa maji ya kweli, yananuka tope. Yeye mwenyewe hakuwemo.

Mama alichovya kidole, akakinusa. Akakikunja ndani ya kiganja.

"Mrudishe," akasema. "Afadhali niwe namwona."

Mama Mawimbi alikoroga rezini nyingine, akaziba tundu, akasubiri. Mdogo wake alirudi. Alilala ubavu kama siku ya kwanza, kakunja magoti. Viputo havikuwepo tena. Mama na binti walitazama mpaka mwanga wa dirishani ukaisha. Kisha mama akaikunja sweta, akaiweka kwenye mkoba.

Mama Mawimbi alikataa kugandisha boti. Mwenye karakana aliligandisha mwenyewe, akiomba samahani. Kulipokucha lilikuwa limesogea kando, na gundi yake imebaki pale lilipokuwa. Akaligandisha tena, likasogea tena. Akatia rangi ya buluu. Ikaenea ziwa zima isipokuwa juu ya lango. Alipompigia simu meneja, meneja alisema basi, liacheni hivyohivyo, muda umekwisha.

Jumamosi, kwenye ofisi za kampuni, wanunuzi walikizunguka kielelezo wakiwa na glasi mikononi.

"Na huyu aliyelala ni nani?" aliuliza mke wa mtu mmoja.

"Mzamiaji," meneja alijibu.

"Mmefikiria kila kitu."

Yeye na mumewe walichagua nyumba inayotazamana na lango, kwa sababu hapo maji yalionekana safi kuliko kwingine. Mama alikuwa amesimama ukutani. Meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimruhusu aje kila siku kumtazama mwanawe, ili mradi asiongee na wateja. Walinzi walimhamishia kiti chake ndani.

Nyumba zilinunuliwa zote. Kampuni ikaamua kuchimba ziwa la pili, kubwa kuliko la kwanza, na kazi ya kielelezo ikaletwa karakana ileile. Msumeno alimwuliza Mama Mawimbi kama ataifanya.

"Nisipofanya mimi, atamimina mtu asiyewajua," alisema.

Wachimbaji wapya walikuwa wakipita mbele ya karakana kila asubuhi, wamekaa nyuma ya lori, wakitaniana. Mama Mawimbi alianza kutoka nje saa hiyo na kusimama kando ya barabara, mahali ambapo lori hupunguza mwendo. Aliwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, makovu yao na meno yao na jinsi kila mmoja alivyoshika koleo lake. Wao walidhani ana mchumba mle ndani, wakawa wanampungia mkono.