Mwanagenzi wa Mabwana Wawili

Hatibu alipoomba kuuza chumvi sokoni huku akijifunza ushonaji kwetu Kihanga, mume wangu Othman, fundi aliyemfundisha, alifura kwa hasira.

"Mwanagenzi hana mabwana wawili!"

Nikamwambia Othman kwamba mama wa kijana, kule Mabira, anamtegemea mwanawe, naye hali nyuzi. Wanaume wengine hawakumbuki tumbo mpaka lao lingurume.

Basi asubuhi Hatibu akawa anauza sokoni chumvi ya Shabani mwenye duka, alasiri anakaa kwenye cherehani yetu. Sifichi, kazi hiyo ya sokoni ilimchelewesha kujifunza. Mwanagenzi mwenzake, Rajabu, alishaiweza shingo ya kanzu. Yake bado ilijikunja. Nikaogopa kwamba nimemponza.

Siku moja Shabani akaja kutafuta fundi wa kukaa barazani kwenye duka lake jipya, Kanoni. Othman akamsifu Rajabu peke yake. Hatibu akainamia kitambaa, uso umemshuka.

Mara akaingia mfugaji mmoja, mzee Rwabigimba, akitaka kanzu ya kwanza maishani mwake. Rajabu akakunjua kamba ampime. Mzee akarudi nyuma.

"Kamba ni ya kupimia kaburi! Mimi bado nakula ndizi."

Rajabu akacheka, maskini, hakujua kwamba mzee anaogopa kweli. Mzee akashika njia ya mlangoni.

"Shikamoo, Babu," akasema Hatibu. Walijuana sokoni. Wakazungumza Kinyambo, lugha ya mzee, mpaka akapoa. Kisha Hatibu akavua kanzu yake, akabaki na msuli, akamvisha mzee na kutia alama za mkaa palipopwaya na palipobana. Mzee akainyoosha mikono, akaitazama kanzu, akaagiza yake na ya mwanawe.

"Namtaka huyu," Shabani akasema.

"Shingo hajaiweza," akasema Othman, na ilikuwa kweli.

"Atajifunza. Mteja akishatoka, hiyo shingo nzuri nitamvika nani?"

Mimi nilifurahi hadi machozi yakanitoka, wala sikuyafuta.

Hatibu akahamia Kanoni, Rajabu akabaki na kazi kwetu. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nikamkuta Othman akifunga mkasi na nyuzi kwenye kitambaa.

"Unakwenda wapi?"

"Kanoni. Ile shingo itaniaibisha."

"Tangu lini mwalimu akamfuata mwanafunzi?" nikamchokoza.

"Tangu mwanafunzi alipopata kazi," akasema, akaniomba nimfungie chakula cha watu wawili.