Nguo Zilizotoka Bombani

Bingwa alisema kuwa katika mtaa mzima hapakuwa na bomba safi kuliko la kwao. Alisema hivyo Jumamosi asubuhi, mdomo umejaa mkate, mbele ya baba yake, dada yake, na mtoto wa dada yake mwenye miezi mitatu. Mtoto alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheua.

"Mara mbili kwa mwaka nalisafisha," Bingwa aliendelea. "Tangu mama afariki. Nilimwahidi, na sijakosa hata mara moja."

Lilikuwa bomba la mashine ya kukaushia nguo. Lilitoka mgongoni mwa mashine, likapita nyuma ya kabati, likatoboa ukuta na kuishia uani, mita tatu kasoro kidogo. Kazi yake ilikuwa kutoa nje hewa ya moto pamoja na ile sufi ya kijivu ambayo nguo huitema zinapokauka. Jina la Bingwa alijipa mwenyewe akiwa darasa la sita, na kwa kuwa siku hiyo hakuna aliyempinga, likamganda.

Dada alikuwa jikoni akikoroga uji kwa mwiko uliomeguka ncha. Alikuwa ameshauliza mara mbili ni mapishi gani humu ndani yanayomegua mwiko, na hakujibiwa. Mumewe alihamishiwa kazi mbali, na baba alimwomba arudi nyumbani akae na mtoto kwa muda. Wiki mbili sasa nyumba ilikuwa na sauti. Baba alikuwa ameanza tena kunyoa ndevu.

"Kama bomba ni safi, mbona nepi nazikausha mara tatu na bado zinatoka na unyevu?" Dada akauliza. "Na mashine inanuka kama pasi iliyosahaulika juu ya shati."

"Ni uzee huo. Kila mzee ana harufu yake. Si ndiyo, Mzee?"

Baba hakukasirika. Alisema kuwa katika jambo la bomba yeye ni shahidi. Mara mbili kwa mwaka, akiwa sebuleni na gazeti lake, humsikia kijana kule chumba cha kufulia akigonga na kugonga dakika kumi nzima, huku anapiga mluzi. Hutoka anajifuta jasho.

Dada alikwenda uani mashine ikiwa inazunguka, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, akarudi.

"Halipumui," alisema. "Sikiliza, ndugu yangu. Mimi na mtoto tunalala ukuta mmoja na hiyo mashine. Sufi ikijaa humo hushika moto. Wewe utapata mlango wa kukimbilia, sisi tutakuwa tumeshaiva. Utalisafisha leo, mimi nikikutazama. Likibaki hivi, kesho naondoka na mwanangu."

Mkoba wake ulikuwa umeshawekwa mlangoni. Baba aliutazama ule mkoba, akaacha kutafuna.

Basi wakaingia chumba cha kufulia wote wanne. Bingwa alikunja mikono ya shati, akachukua bisibisi, akaielekeza nyuma ya mashine.

"Umechomoa waya?"

"Nilikuwa naelekea huko."

Dada alichomoa waya mwenyewe. Wakangoja mashine ipoe. Ilichukua nusu saa, na Bingwa aliitumia kuwaeleza kwamba watu wengi hudhani kusafisha kile kichujio cha mlango wa mashine kunatosha, kumbe adui yuko nyuma. Hilo alikuwa amelisoma usiku uliopita, ila alilisema kama mtu aliyelipigania vitani.

Walipovuta mashine, polepole ili bomba lisikunjike, walikuta karatasi imebandikwa mgongoni mwake kwa utepe wa gundi, usawa wa pua. Ilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Dada aliipangusa. Ulikuwa mwandiko wa mama.

*Chomoa waya. Ngoja ipoe. Legeza kibanio. Sugua kuanzia huku, kisha kuanzia uani. Usirudishe kitu kabla hujaona mwanga upande wa pili.*

"Aa, hii karatasi," alisema Bingwa, kama mtu anayemsalimia mwenzake ambaye jina limemtoka.

Pembeni, kwenye msumari, ilining'inia brashi ndefu ya mabomba, ikiwa bado ndani ya mfuko wake wa dukani.

"Hii ni mpya," alieleza. "Ile nyingine iliisha kwa kazi."

Alilegeza kibanio, akalichomoa bomba, akaingiza brashi, akazungusha, akavuta.

Kilichotoka kwanza kilikuwa fulana ya mtoto. Ilikuwa ya sufi tupu, ya kijivu, lakini ilikuwa na mikono yake miwili na vifungo vyake vitatu. Dada aliikung'uta, akaikunja, akaiweka juu ya kapu. Ikafuata jezi ya mpira ya Bingwa, ile aliyoivaa msimu mmoja akiwa mchezaji wa akiba. Zikafuata shuka, taulo, soksi nyingi zisizo na wenzao. Kisha ikatoka suti ya baba, ile nyeusi aliyoivaa kwenye maziko na kuiharibu kwa kuitia mashineni, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwambia kuwa suti haifuliwi hivyo. Ilikuwa imesinyaa kama ilivyosinyaa ile yenyewe. Baba aliipokea, akaipima kifuani.

"Ilikuwa suti nzuri," alisema.

"Vuta taratibu sasa," Dada akamwambia ndugu yake. "Kuna kitu kizito."

Lilikuwa gauni la nyumbani la mama, lenye mifuko miwili mikubwa, na mama alikuwa ndani yake. Alitoka kichwa kwanza, akasimama, akajipangusa mabegani. Alikuwa wa kijivu mwili mzima na mwepesi kiasi kwamba mtoto alipopiga chafya, alisogea hatua mbili. Baba alimpisha kwenye kigoda.

"Umekawia," alisema.

"Palikuwa pamebana," alisema mama.

Kwapani alikuwa amebana nguo za zamani zaidi, akaanza kuzigawa. Dada alipewa sweta lake la shule, ambalo kiwiko chake cha kushoto kilikuwa kimetoboka kwa sababu ya kuegemea dirishani akimngoja rafiki yake wa nyumba ya tatu. Aliingiza kidole kwenye kile kitundu, akakaa hivyo kwa muda. Bingwa alipewa kaptura ya siku yake ya kwanza darasani. Ilikuwa na alama ya maji mbele. Akaificha haraka, lakini baba alikuwa ameshaiona, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne alicheka mpaka akashika ukuta. Chumba kizima kilinuka sabuni ile ya kipande, ya rangi ya maziwa, ambayo haiuzwi tena.

Mama aliitazama mashine.

"Zile nguo za mwisho," aliuliza. "Niliziweka, nikasema najilaza kidogo. Nani alizitoa?"

Baba alikohoa. Bingwa aliichunguza brashi. Dada alimhamisha mtoto bega.

"Jirani," baba alisema hatimaye. "Baada ya maziko."

"Zitakuwa zilijikunja sana," mama alisema, kisha akaona lile kapu la nguo, akalivuta karibu na kigoda, akaanza kukunja.

Walimwacha akunje. Alijua kona za kila shuka. Dirisha lilikuwa linapitisha upepo, kwa hiyo baba alilifunga, akatoa funguo zake zote, akazitia kwenye mfuko wa gauni la mama ili asipeperuke. Dada alimwomba akae mbali na jiko na pasi, naye akasema hilo analijua kuliko wao.

Bingwa alikwenda uani kusugua upande wa pili. Aliondoa kiota kikavu mdomoni mwa bomba, akafuta kifuniko chake cha nje hadi kikapanda na kushuka chenyewe. Dada aliinama ndani, akatazama. Mwisho wa bomba aliona mwanga, duara kama sahani, na ndani ya duara jicho la ndugu yake.

Wakarudisha bomba, wakakaza kibanio, wakachomeka waya. Nepi zikakauka kwa mzunguko mmoja. Harufu ya kuungua haikuwepo. Dada alizigusisha nepi mashavuni, lake, la mtoto na la baba, wote wakakubali kuwa zimekauka. Kisha alikwenda mlangoni, akaufungua mkoba wake, akatoa nguo chafu alizokuwa amefungasha, akaja kuzimimina juu ya kapu mbele ya mama.

"Basi tunakaa," alisema.

Baba, kwa furaha, aliongeza mashati yake mawili.

Bingwa alipoona mkoba uko mtupu, roho ilimrudi mahali pake, na ulimi nao haukuachwa nyuma. Aliegemea mashine, akakunja mikono kifuani.

"Nilisema nini mimi? Bomba ninalolisafisha mara mbili kwa mwaka halinisumbui. Leo nimeondoa mabaki tu."

Mama hakuinua kichwa. Alikuwa anatafuta mwenzake wa soksi.

"Miaka minne nimekaa mle ndani, mwanangu," alisema. "Brashi sijaiona. Nilikuwa nausikia mwiko wangu tu, unagonga ukuta, na wewe unapiga mluzi."

Dada aligeuka, akautazama mwiko kule jikoni, na ile ncha iliyomeguka. Shahidi wa asubuhi alikuwa ameinama chini ya meza, anasaidia kutafuta soksi mahali ambapo haingeweza kuwa.

Mama alimnyooshea Bingwa nepi moja aikunje. Bingwa aliipokea. Aliitazama upande huu, akaigeuza, akaitazama upande ule. Kisha akamrudishia bila kuikunja.